Chumba cha Pwani Kule Tumati

Vijana wangu wa karakana, juzi mlinipa saa ya ukutani. Asanteni. Miaka yote niliyokuwa nachelewa kazini hakuna aliyenipa saa. Leo sina pa kuwahi, mnanipa saa. Nimeitundika jikoni, na mke wangu anasema mlio wake unamfanya aharakishe ugali. Siku ile mlisema pia, huku mkinimalizia soda, kwamba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi. Haya, nimekaa. Habari za vyeo msitegemee. Cheo nilikuwa nacho kimoja tu, fundi, na nimestaafu nacho.

Kazi yangu ilikuwa kuziba mabaraza ya watu. Nyumba ina baraza la wazi. Mimi nalizungushia fremu, vioo, luva za vibao vya kupitisha upepo, na wavu, linageuka chumba cha kukaa mchana. Ninyi mnaita sanrumu kwa sababu mmeiona kwenye simu. Sisi tuliita baraza la vioo, na kazi ikaenda vilevile.

Nilijifunzia Tanga. Nilishuka kutoka Mbulu kwenda kukata mkonge, nikakaa shambani wiki tatu, mkonge ukanishinda, nami sikuona aibu kushindwa na kitu chenye miiba mingi namna ile. Nikapokewa na Fundi Kombo, mzee mfupi aliyekuwa anaziba mabaraza ya nyumba za karibu na bahari. Siku ya kwanza hakunipa msumeno wala nyundo. Alinipeleka kwenye fremu ya dirisha, akaniambia, "Lamba."

"Nilambe nini, mzee?"

"Fremu. Au nyumbani kwenu hamna ndimi?"

Nikalamba. Chumvi tupu.

"Huyo ndiye bosi," akasema. "Mimi msimamizi tu. Ukimsahau huyo, kazi yako itakuwa kutu kabla hujamaliza kuhesabu vifaa."

Ndiyo maana kule tulifunga kwa skrubu za shaba, siyo za chuma. Paa tulilitokeza nje hatua nzima ili jua lisiguse ukuta. Luva tuliziweka upande wa kusini, upepo wa bahari uingie na kutoka. Fundi Kombo alikuwa na amri moja, akiirudia huku akinigonga vidole kwa futi yake ya mbao: "Mpe upepo uso, mpe jua kisogo!" Niliisikia mara nyingi kuliko jina langu. Nilipoondoka alinipa kikata vioo chake chenye mpini uliolika, na mpaka leo ninacho. Kukiazima, sahauni.

Nikarudi Mbulu wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa. Zamani kupata kioo kimoja kikubwa ulihitaji kibali, barua na mjomba. Ruksa ilipokuja ulihitaji mjomba tu. Maduka ya Arusha yakajaa vioo, alumini, kufuli za kila rangi, na watu wetu waliouza mazao vizuri wakaanza kuona nyumba zao zina upungufu ambao jana hawakuuona. Somo hapa, shikeni: kioo hakilazwi kwenye lori. Kinasimamishwa, kinabanwa kwa magunia ya maharage, na dereva anaahidiwa nyama. Nililaza vioo mara moja tu, kwenye barabara ya Dongobesh, nikafika Mbulu na kokoto.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu saumu pale mjini Mbulu. Alikuwa amefika Dar mara moja, akalala siku mbili, akarudi mtu wa Pwani. "Fundi, nataka baraza kama la kule. Upepo upite! Na wavu wa mbu usisahau." Jamani, mbu mjini Mbulu ukimwona mmoja unamhurumia, amepotea njia. Lakini mteja kasema. Nikaweka wavu, nikaweka luva, nikafunga skrubu za shaba dhidi ya chumvi ya bahari ambayo ipo mwendo wa siku mbili kwa basi. Nilipomaliza nikalamba fremu kwa mazoea. Mke wa mteja aliniona. Tangu siku hiyo sifa zikaenea kwamba fundi yule analamba nyumba ndipo inakuwa imara, na wengine wakawa hawalipi... basi, hawaridhiki mpaka nilambe. Yule bwana alikaa barazani mwake kavaa koti, kofia ya sufu na shali ya mkewe, meno yanagongana, akimwambia kila mgeni, "Unausikia upepo? Kama Pwani kabisa!"

Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, kazi ikapanda. Wakaja maofisa wapya, na ofisa mpya hawezi kukaa kwenye baraza la wazi kama mjumbe wa nyumba kumi. Nilimzibia mmoja pale Katesh, vioo vitupu mbele ya barabara, aonekane anasoma gazeti. Alionekana kweli. Watoto wa shule wakipita, "Shikamoo!" Naye, "Marahaba." Kina mama wa sokoni, "Shikamoo!" "Marahaba." Hiyo ni nafuu. Wakipita wazee, yeye ndiye wa kuamkia, na mzee wa Hanang huwezi kumwamkia umekaa nyuma ya kioo kama mkate wa dukani. Inabidi uinuke, ufungue mlango, utoke, uinamishe kichwa, uulizwe ng'ombe, mvua na watoto, ndipo urudi. Siku ya mnada wazee hawaishi kupita. Nilimkuta wiki ya pili bado yupo ukurasa wa kwanza wa gazeti, jasho linamtoka. Akaagiza mapazia mazito, akayafunga kutwa nzima. Kisha akaniita tena, nimwekee taa ya mchana, kwa sababu baraza lake la vioo lilikuwa na giza.

Na kule Masakta nilimjengea mkulima mmoja aliyeng'ang'ania vioo viangalie jua. Nikambishia kwa amri ya Fundi Kombo, mwisho nikanuna nikajenga. Baada ya miezi mitatu nikapita kumsalimia, nikamkuta yeye na mkewe wamekaa nje juu ya jiwe. Ndani ya vioo vyangu kulikuwa na maharage, yamejaa mpaka magotini.

"Fundi, hiki chumba chako kinakausha balaa!" akasema. "Siku mbili tu."

Niliondoka na hasira. Nilijiambia watu wengine hawastahili kioo. Kumbe yeye peke yake ndiye aliyekuwa amekielewa kioo, na mimi nilichelewa kumwelewa mpaka siku za Tumati. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka muijue vizuri, maana mengine ni kicheko tu.

Aliyeniita Tumati, kijiji cha juu chenye baridi, ni Mwalimu Paulina wa shule ya msingi. Aliishi na mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Mama Emanueli kwa jina la kaka mkubwa wa Paulina. Emanueli alikuwa na kazi Dar na gari lake. Msimu wa baridi uliotangulia, Mama alishikwa na nimonia akalazwa. Daktari akasema mambo mawili: huyu mama asikae kwenye baridi, na asikae jikoni kwenye moshi. Ukimwondolea mama wa Tumati jiko mwezi wa sita, umwachie nini? Emanueli akapiga simu kwamba anakuja na gari kumchukua, akaishi Dar kwenye joto.

Mama hakutaka kusikia. Alikuwa na ng'ombe watatu, kaburi la mumewe nyuma ya shamba, na njia inayopita karibu na zizi ambayo kila mtu wa kijiji aliitumia. "Kule nitakaa na nani?" aliniuliza siku ya kwanza nilipompa shikamoo. "Nilikaa kwa Emanueli mwezi mmoja. Watu wanapita mlangoni hawasalimii. Nikamwambia mkewe, hawa wamefiwa?"

Ndipo Paulina akapata wazo. "Fundi, wewe umejifunza Pwani. Kama Mama hawezi kwenda Pwani, mjengee Pwani hapa. Kaka amekubali: akija akamkuta ana joto, anamwacha. Akimkuta anatetemeka, anaondoka naye."

Nikasema, "Mwalimu, umefika penyewe."

Nilijenga kama nilivyofundishwa. Nikachagua upande wa kusini, wenye mandhari ya bonde, upande ambao mgeni akifika atasema lo! Paa nikalitokeza hatua nzima. Luva nikapanga safu mbili. Skrubu za shaba kote. Nilipiga randa mbao zile mpaka zikateleza, na pima maji ilikaa katikati kila nilipoiweka. Naapa sijawahi kujenga kitu kizuri kuliko kile. Sikulamba fremu tu, nilitaka kuibusu.

Emanueli akafika asubuhi moja ya mawingu, kavaa koti refu. Akaingia chumbani na Mama, mimi na Paulina tumesimama mlangoni. Mama akakaa kwenye kiti. Upepo wa kusini ukapita kwenye luva zangu vizuri kabisa, kama Fundi Kombo alivyotaka, ukainua kitambaa cha meza.

"Mama, mbona mimi nasikia baridi?" Emanueli akauliza.

"Wewe umeishi Dar, damu imekuwa nyepesi," Mama akamjibu. Kisha akavua sweta. Akalikunja, akaliweka magotini, akaanza kujipepea kwa kiganja. "Paulina, hebu niletee maji ya kunywa. Joto hili litaniua."

Emanueli akamtazama, akanitazama mimi, akatazama luva. Hakuwa mjinga. "Sawa," akasema. "Nakwenda Gehandu kwa wakwe zangu siku nane. Nikirudi nitakaa humu na Mama, asubuhi mpaka jioni. Siku nzima, Mama. Halafu tutaamua. Mimi sitaki kuja tena na gari hili kubeba maiti."

Alilisema kwa ukali, lakini sauti ilimkatika mwishoni. Akaondoka haraka.

Gari lilipopotea kwenye kona nikarudi chumbani kuchukua vifaa. Mama alikuwa bado kwenye kiti, anajaribu kuvaa sweta, na mkono haupati tundu. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, midomo imebadilika rangi. Nikapiga magoti nikamvalisha. Vidole vyake vilikuwa baridi kama bomba la maji.

"Mama, kwa nini umefanya hivi?"

"Fundi, funga mdomo," akasema. "Ukimwambia, nimekwisha."

Vijana, nimeanguka kwenye paa mara mbili, nimekatwa na kioo mpaka mfupa ukaonekana, na hakuna siku iliyoniuma kama ile. Nilikuwa nimemjengea mgonjwa wa kifua friji yenye mandhari. Nilisimama pale, kwa mazoea ya kipumbavu nikalamba fremu. Hakukuwa na chumvi. Hakukuwa na kitu chochote isipokuwa baridi, na ilikuwa imenisubiri pale miaka yote hiyo tangu nirudi kutoka Tanga, ikiniona nikipigana na bahari ambayo haipo.

Nikamwambia ukweli. "Mama, nimekosea. Sijui hata pa kuanzia."

Akavuta blanketi mbili, akajifunika. "Wewe ni mtoto wa Mbulu?"

"Ndiyo, Mama."

"Umechunga ndama?"

"Nimechunga."

"Asubuhi wanakwenda kulala wapi?"

Nikatoka nje, nikazunguka nyumba. Ndama wake wawili walikuwa upande wa kaskazini, karibu na zizi, wamejilaza ukutani. Mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo na jua la mwezi wa sita lilikuwa limeegemea kaskazini kama lifanyavyo kila mwaka. Nikaweka kiganja kwenye ukuta. Ulikuwa na vuguvugu. Upepo wote ulikuwa umebaki ng'ambo ya nyumba, unachezea luva zangu. Nikayakumbuka na maharage ya Masakta. Nikacheka peke yangu, ndama mmoja akaamka akaniangalia.

Paulina nilipomwambia tunahamisha chumba alishika kiuno. "Upande wa zizi? Fundi, una akili timamu? Mgeni akae kwenye vioo aangalie mavi ya ng'ombe?"

"Mgeni ana baraza la kusini," nikamwambia. "Hiki ni cha Mama."

"Na watu wote wa njiani wamwone?"

Mama akaitikia kutoka ndani, sauti nyembamba lakini inasikika, "Waache wanione!"

Siku nane. Nilibomoa kazi yangu nzuri kuliko zote kwa mikono yangu, na nisiwadanganye, siku ya kwanza nilibomoa nimenuna. Majirani walikuja kubeba vioo, watu wanne kwa kioo kimoja, wanatembea kuzunguka nyumba kwa utaratibu wa jeneza. Mmoja akauliza kama chumba kimefiwa. Paa jipya nikalitokeza kiganja kimoja tu, jua liingie mpaka ndani. Luva zote nikazitupa stoo. Nikaweka vioo visivyofunguka, na kidirisha kidogo juu cha kupumulia. Puti nikapaka kila mwanya, kisha nikapita na mshumaa uliowashwa kando ya fremu: mwali ukiyumba, hapo pana upepo, paka tena. Hilo shikeni, halina gharama na halidanganyi. Sakafuni nikatandika mawe meusi niliyookota mtoni, kwa sababu jiwe jeusi likila jua mchana linalicheua taratibu mpaka jioni. Nikatoboa mlango kati ya chumba hicho na chumba cha kulala cha Mama. Skrubu za shaba nilizirudisha zilezile. Hazikuwa na kazi, ila zilikuwa nzuri.

Kazi ilikwisha siku ya nane, jua likiwa bado juu. Emanueli akafika jioni hiyohiyo kutoka Gehandu, akalala, na asubuhi akachukua kiti chake akaingia chumbani na Mama. Mimi nikajifanya nina kazi kwenye bawaba ya mlango. Bawaba ile niliifunga na kuifungua mara nyingi sana.

Kulikuwa na baridi kali nje, umande bado mweupe kwenye majani. Saa mbili jua likapanda juu ya zizi likaingia. Halafu njia ikaamka.

"Shikamoo, Mama Emanueli!" Watoto wa shule, wamebandika pua kwenye kioo.

"Marahaba, wanangu. Kimbieni, mwalimu ameshatoka!"

Akapita mama mwenye ndoo. "Shikamoo, Mama. Umeamkaje kifua?"

"Marahaba. Kifua kizima. Huyu hapa Emanueli amekuja."

Basi ikawa kila anayepita anamwamkia Mama, kisha Emanueli anaamkia wazee au anaamkiwa na vijana. Mzee mmoja akasimama zaidi ya robo saa kumuuliza Mama kuhusu ng'ombe wake mwekundu, wanapiga kelele kupitia kioo. Nikamkumbuka ofisa wa Katesh na jasho lake. Kitu kilekile kilichomfukuza yule barazani kwake kilikuwa kinamlisha huyu mama. Rangi ya mashavu yake ilikuwa inarudi mbele ya macho yangu.

Saa nne Emanueli akalegeza koti. Saa tano akalivua, akalitundika kwenye kiti. Saa sita alikuwa amekunja mikono ya shati na kichwa kimeegemea ukutani, usingizi unamwiba, mtu mzima mwenye gari, mdomo wazi. Mama alimtazama muda mrefu. Akachukua mtandio wake akampangusa jasho la paji la uso, polepole, kama anavyopanguswa mtoto mwenye homa. Mwanawe aliposhituka, akakuta mkono wa mama yake bado upo pale. Akaushika. Akausikia ulivyo na joto, mimi na Mama tukaona anausikia, akaugeuza kiganja na mgongo, akaushika tena kwa mikono miwili.

Macho yakamjaa maji. "Mama," akasema, "kweli humu kuna joto."

Mama Emanueli akalishika sweta lake lililokunjwa magotini, akanitazama mimi pale mlangoni, jicho kavu, asicheke hata kidogo.

"Si nilikwambia," akasema, "tangu siku ile?"